Mtafsiri wa Sinema wa Makorora

Filamu nilizozijua maishani karibu zote nilizisikia tu, sikuziona. Cherehani yangu ilikuwa upande huu wa ukuta wa mabati, na upande wa pili kilikuwa kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, pale Makorora, ambamo kwa miaka mingi mtu mmoja alikaa juu ya stuli, maiki mkononi, akizigeuza filamu za watu wa mbali kuwa Kiswahili. Jina lake hakuna aliyelitumia. Watazamaji walimwita Mtafsiri, mimi nami nikamwita hivyo hivyo, na hata mkewe alipomletea chakula aliniuliza, "Mtafsiri yumo?" kama mtu aliyekwenda kumuulizia bosi ofisini.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameshuka kama ya mtu aliyebeba ndoo siku nzima. Akiwa ndani alikuwa watu kumi: jambazi, mama mkwe, polisi, mtoto mwenye homa. Akitoka nje hakuwa na neno. "Shikamoo Mtafsiri." "Marahaba, fundi." Basi, mpaka kesho. Mkewe aliniambia kwamba nyumbani watoto walimjua baba yao kwa kikohozi. Sauti yote aliimaliza kazini, akarudi nyumbani mtupu.

Alifika kabla ya adhuhuri, akafagia mwenyewe, akanyunyiza maji kwenye sakafu ya mchanga ili vumbi litulie, kisha akaja kukaa kizingitini kwangu na kikombe cha tangawizi isiyo na sukari. Alikinywa polepole akitazama barabara. Hakuwa akiniangalia mimi wala kazi yangu. Nilidhani ananidharau, mpaka siku niliposhona suruali mguu mmoja mfupi, naye akasema bila kugeuza shingo, "Leo cherehani imekwenda haraka mno, fundi. Kagua." Nikakagua, nikafumua.

Kila filamu aliitazama kwanza peke yake, sauti imezimwa. Nilipomuuliza sababu akasema, "Nikianza na maneno yao, wananidanganya. Mtu akinyamazishwa ndipo unaona anataka nini." Ukweli mwingine ni kwamba Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Siku moja alimfanya binti wa mzee mmoja wa kwenye filamu kuwa mke wa mzee huyo, akawaongelesha mapenzi kwa muda mrefu, mpaka yule binti na yule mzee walipokaa mezani na mama mtu. Nikamsikia Mtafsiri kwenye spika: "Samahanini ndugu watazamaji, huyu ni mwanawe. Yale ya mwanzo yafuteni." Watu wakayafuta, filamu ikaendelea.

Alitukana kwenye maiki matusi ambayo sikuyasikia hata stendi ya mabasi, lakini mwanawe alipomwita mwenzake mjinga mbele ya duka langu alimrudisha nyumbani akiwa amemshika sikio. Na adhana ya alasiri ilipoanza alisimamisha filamu hapo hapo, hata kama jambazi alikuwa amemwekea mtu bastola kichwani. "Mwenye bastola akae nayo," alisema, akaenda kuswali. Vijana walisubiri, bastola ikasubiri, na yeye akirudi alianza pale pale kwa sauti ile ile ya hasira, kana kwamba hajatoka kusujudu sasa hivi.

Kitu kimoja hakukitafsiri: nyimbo. Filamu za Kihindi zilipofika kwenye wimbo aliweka maiki chini, akanywa tangawizi yake. Nilijua ameiweka kwa sababu nilisikia kikombe kikigonga stuli. "Wimbo ukiutafsiri yanabaki maneno," aliniambia, "na maneno watu wanayo tele majumbani kwao." Watazamaji waliimba na waigizaji lugha wasiyoijua, mimi nikakanyaga cherehani kwa mdundo wao, na mtaa mzima ulikuwa umepumzika kidogo.

Ndiyo maana nilishangaa siku aliyokuja kizingitini akiwa ameshika flashi kama mtu aliyeshika jino bovu.

"Fundi, hii haina pa kunyamaza."

Ilikuwa filamu ya Marekani ya zamani zile, wakati wao wa matarumbeta na pombe za kujificha. Mwanamke mmoja, mwimbaji wa kilabu, nywele kazikata fupi, anampiga mwanamume wake chupa ya kichwa, jamaa anakufa. Anatiwa ndani. Wakili wake, mtu wa kofia na maneno matamu, anawaita waandishi wa habari, na magazeti yanampenda yule mwanamke kuliko yalivyowahi kumpenda akiwa hajaua. Wanawake wengine wanakata nywele kama yeye. Na kila jambo linasemwa kwa wimbo: anaimba akikamatwa, anaimba akihojiwa, hata hakimu anaimba. Ukinyamaza kwenye nyimbo umenyamaza filamu nzima.

Sasa niseme juu ya mwanamke wa samaki.

Alikuwa mtu wa Kigombe aliyeolewa Makorora, akikaanga samaki pembeni mwa barabara yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao hasa, Kimtang'ata, na sauti yake ilivuka barabara mbili. Kila jioni aliita wateja: "Changu wa moto! Mwenye mume aje, asiye na mume aje mara mbili!" Mumewe alikuwa dereva wa bajaji, mtu wa vichekesho, aliyekuwa na wateja wake mpaka Raskazone, waliompigia simu yeye na kuziacha bajaji zilizokuwa mlangoni kwao. Asubuhi moja tukasikia amekufa. Serikali ikasema mkewe alimpiga kwa kikaangio. Yeye akasema waligombana, akaanguka, kichwa kikapiga ngazi ya saruji. Wakamchukua. Mahabusu akakaa, kesi ikaahirishwa na kuahirishwa, na kusema kweli mtaa ulianza kumsahau. Pale alipokuwa akikaangia pakawekwa meza ya machungwa.

Mtafsiri alipoionyesha ile filamu mara ya kwanza haikupendwa. Alimpa yule mwimbaji sauti ya mwanamke tu, ya kawaida, na nyimbo akazisoma kama mtu anayesoma tangazo. Vijana wakapiga miluzi. Siku chache baadaye, kwenye onyesho la mchana, pale mwimbaji anapopandishwa kizimbani na tarumbeta linapoanza, nikasikia kupitia mabati sauti ambayo haikuwa imesikika mtaani kwetu tangu msiba:

"Changu wa moto! Mwenye mume aje, asiye na mume aje mara mbili!"

Kibanda kililipuka. Walicheka, wakapiga mabati kwa ngumi mpaka bobini zangu zikaanguka mezani. Hakuikosea hata pumzi. Lafudhi, namna alivyovuta ile "mara mbili" mwishoni, yote. Niliondoa mguu kwenye cherehani.

Alipotoka akaja kukaa pale pale, jasho linamtiririka.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Vibaya?"

"Mwenyewe yuko ndani, Mtafsiri."

Alikunywa tangawizi yake. "Basi hasikii," akasema.

Mtu alikuwa amerekodi kwa simu. Ndani ya muda mfupi ile filamu ilikuwa kwenye memori kadi za Muheza na Pangani, bodaboda wameiweka ile sauti kuwa mlio wa simu, watoto wanaiimba wakienda shule. Na kwa kuwa sasa mwanamke wa samaki alikuwa na wimbo, kesi yake ikapata watu. Waliokuwa hawajawahi kununua kwake hata mkia wa samaki walijaza uwanja wa mahakama siku alizoletwa. Wanawake walishona sare za kwendea kesini, kama wanaokwenda harusini. Baadhi yao walinijia mimi, wakabishana dukani kwangu juu ya rangi ipi itampendeza mshtakiwa akiwaona. Kama alimwua au hakumwua, hilo hakuna aliyelizungumzia tena. Walizungumza jinsi alivyoshuka garini, alivyofunga kitambaa, alivyowaangalia.

Na Mtafsiri akawa mtu mkubwa. Alialikwa kuongoza sherehe za harusi, akaja mtu wa redio kumhoji, akanunua kofia kama ya yule wakili wa kwenye filamu. Katika miaka yote ya kumjua, huo ndio msimu pekee niliomwona akitabasamu nje ya kibanda. Alinisalimia yeye kwanza. Aliuliza habari za wanangu kwa majina yao, nikagundua kumbe siku zote aliyajua. Hata hivyo nilimwona pia akikaa muda mrefu zaidi kizingitini, akiitwa ndani na watu, hasogei. "Kila siku wanataka ile ile," aliniambia. "Nikiwapa nyingine wananikatiza. Wanasema, leta mama wa samaki."

Mahakama ikamwachia huru. Sikuwepo, lakini wateja wangu walikuwepo, na walirudi wamenuna. Walisema alitoka nje, umati ukamwitia, "Changu wa moto!" ukasubiri ajibu. Hakujibu. Aliwapita kichwa chini, akapanda bajaji akaenda. "Ana maringo," akasema mmoja, akivua kitambaa chake cha sare. "Tumemtoa sisi, na hata mkono hakutupungia."

Baada ya muda yule mwanamke wa samaki akaja kwangu. Alikuwa amekonda, magauni yake yote yanampwaya, akataka niyapunguze. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Nikamwambia anyanyue mikono nimpime kifua, akanyanyua. Nyuma ya mabati tarumbeta likaanza.

Nilitamani kufunga mlango, lakini ukuta wa mabati haufungiki. Tulisikia chupa ikimpiga yule mwanamume. Tukasikia maneno ambayo Mtafsiri alimpa afe nayo: "Nakufa, bibi, zima jiko!" Tukasikia kicheko. Kisha tukasikia sauti ya huyu huyu niliyekuwa nikimpima, nzima, ya siku zile za mafuta na moto, ikitangaza changu. Mikono yake ilibaki juu. Nilishamaliza kupima, na hakuishusha.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii."

"Askari wa kike walikuwa wananiomba niite changu kule ndani. Sikuelewa wanataka nini."

Akashusha mikono, akajitanda khanga, akatoka. Nikamfuata. Aliinua gunia lililokuwa mlangoni pa kibanda, mwanga ukaingia, vichwa vikageuka. Mmoja akamtambua. Wakaanza kupiga makofi, wakasimama kwenye mabenchi, wakamwitia amwitikie Mtafsiri, mmoja huku mmoja kule. Mtafsiri alikuwa juu ya stuli, kofia kichwani. Alizima maiki kwanza, kisha akazima deki.

"Shikamoo," alisema yule mwanamke, maana Mtafsiri alimzidi umri.

Marahaba ilichelewa kutoka.

"Yule bwana anayekufa hapo mwanzo," akasema. "Ulimpa maneno gani?"

"Mzaha tu, dada yangu."

"Nimeusikia mzaha. Na mama wa mume wangu ameusikia, kule Kigombe, kwenye simu ya mtoto wa jirani. Mimi sauti yangu chukua, nimeshazoea kuchukuliwa. Lakini mume wangu alikuwa msemaji. Alichekesha kuliko wewe. Hawezi kufa na maneno hayo."

Kijana mmoja akacheka, akidhani ni sehemu ya onyesho. Hakuna aliyemfuata.

"Unataka niache kuionyesha?" Mtafsiri akauliza.

"Imo kwenye simu za watu wote, utaiachaje? Ninaishi na mama mkwe wangu. Baada ya yote ndiye aliyenifungulia mlango. Ananipakulia, nami namchotea maji. Watu wakicheka njiani ananiuliza, 'Wanamcheka mwanangu?' Mimi nimjibu nini?" Akaongeza, "Mpe mume wangu maneno. Wewe si unawapa watu wote?"

Wiki iliyofuata yule mwanamke alikuja mara kadhaa kufuata magauni yake, na Mtafsiri alikuwa akija kukaa, safari hii si kizingitini bali ndani, kwenye benchi la wateja, amemwelekea. Alimuuliza habari za mumewe. Nilikuwa nafumua na kushona, nikisikia. Alimweleza jinsi mumewe alivyoyapa mashimo ya barabarani majina ya wakwe zake, alivyokuwa akiwapa mbuzi shikamoo wanapokataa kupisha bajaji. Alicheka akisimulia. Kisha akasema, sauti ile ile, "Na alikuwa ananipiga. Hilo usilitoe. Alikuwa ananichekesha na alikuwa ananipiga, mtu mmoja."

"Na siku ile?" Mtafsiri akauliza.

Akaangalia sindano yangu ikipanda na kushuka. "Siku ile tuligombana, akaanguka. Hayo nimeyasema mbele ya hakimu, na sina mengine."

Hakuuliza tena. Wala mimi, mpaka leo.

Mtafsiri akaitafsiri filamu upya. Nikamsikia siku ya kwanza: yule mwanamume wa kwenye filamu, kabla ya chupa, akiongea mfululizo, akitania, akipandisha sauti, akiwa mtamu kisha akiwa wa kuogopwa, ndani ya dakika zile chache, ukimjua kabisa kabla hajaanguka. Alipoanguka, Mtafsiri hakumpa neno lolote. Na nyimbo zilipoanza nikasikia kikombe kikigonga stuli. Alizinyamazia zote.

Haikupendwa. "Mbona huyu anaongea sana, si afe!" walipiga kelele. Wakamtaka mama wa samaki, na alipokataa wakamwonyesha kwenye simu zao, sauti yake mwenyewe ikimzomea kutoka mifukoni mwa watu. Wakaanza kupungua. Wangepungua tu, sitaki kusema aliangushwa na jambo moja; bando zilikuwa zimeshuka bei, kila kijana ana sinema mfukoni, nani akae kwenye mchanga na joto la mabati? Lakini yeye aliendelea kuionyesha ile tafsiri ya pili hata kwa watu wanne waliosinzia. Kofia sikuiona tena. Siku moja nikafika nikakuta mabati yanang'olewa. Sasa pana duka la vifaa vya simu, lenye muziki usio na maneno, na mimi nashona nikisikiliza feni.

Tulipoteana. Watu wa mjini hupoteana hata wakikaa kata moja. Nilisikia anauza mkaa, nikasikia anaumwa, nikasikia yote si kweli.

Mwaka jana mama mkwe wa yule mwanamke alifariki. Yule mwanamke alikuwa ameendelea kuwa mteja wangu, tukawa watu wa kuitana kwenye shida, kwa hiyo nikaenda Kigombe. Nilikuta bibi ameshazikwa. Nilimpa mkono wa pole, nikakaa na wanawake wenzangu mpaka miguu ikafa ganzi, nikatoka uani kujinyoosha. Nyuma ya jiko mtu alikuwa amekunja suruali, akisugua sufuria la pilau kwa mchanga na majani. Kichwa kimekuwa cheupe. Niliyajua mabega.

"Shikamoo Mtafsiri."

"Marahaba, fundi." Nikageuka niondoke, maana nilizoea kwamba salamu ndiyo mazungumzo, lakini akaendelea. "Sufuria hili kubwa. Nisaidie kulishika."

Nikalishika. Akaniambia kwamba tangu kibanda kilipovunjwa alikuwa akija Kigombe kila alipopata nafasi. Mara ya kwanza alikuja kumwomba radhi yule bibi, akakuta macho yake yameshaingia giza. Bibi alimsikiliza, akamwambia amesamehe, kisha akamwambia aje tena. Akaja tena. Alimchanjia kuni, alimsomea majina ya dawa, alikaa. Yule mkwe, yaani mteja wangu, hakusema aje wala asije, alimwekea kikombe.

"Halafu bibi akaanza kuniomba," alisema Mtafsiri. "Aliambiwa najua sauti za watu. Akasema, niletee ya mwanangu, mara moja tu. Nikamwambia sikumfahamu, bibi, nilisimuliwa. Akasema, hata hiyo ya kusimuliwa. Nilikataa, fundi. Nilikataa mara nyingi, nikaacha hata kuja. Nikachoka kukataa."

"Ukamfanyia?"

Alisugua kwanza, akamwaga maji meusi, akaweka mengine.

"Mchana mmoja. Nilitoka nje nikasimama hapo mlangoni, kama mtu anayetoka safari. Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote ya maiki. Nikasema, 'Shikamoo mama, nimerudi. Kuna nini cha kula?' Kwa sauti niliyoitengeneza kwa maneno ya mkewe, ile ya utani, ya kuvuta mwisho. Mkewe alikuwa jikoni, nikasikia mwiko unaanguka."

"Na bibi?"

"Aligeuza uso kwangu kama anaona. Nilidhani atalia, nilidhani ataniita jina la mwanawe, nikawa najiuliza nitajibu nini." Mtafsiri aliinua sufuria akaliinamisha likauke, akakaa chini mchangani, mikono juu ya magoti. "Akasema, 'Si yeye. Lakini kaa ule.'"